Sikio la Khaoya

Nilimwambia Mama Namarome, kompyuta ni mbishi:
haioni, hutaka kuambiwa.
Ukiipa sura tupu inakukodolea tu
kama karani wa chifu asubuhi ya Jumatatu.
Kwa hiyo lazima niiandikie pembeni neno moja,
"picha" au "nembo".
Picha, ikiwa ni mtu.
Nembo, ikiwa ni duka.

Akacheka, akapangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi.
"Andika unachokiona."

Nilichokiona ni hiki:
uso wa Khaoya ukutani, duka la baiskeli, Kimilili,
mkabala na wauza omena,
kwa rangi ya samawati iliyobaki walipopaka zahanati;
shingo ndefu kuliko aliyokuwa nayo,
na sikio la kushoto kubwa kupita kiasi,
kwa kuwa la kwanza lilioshwa na mvua ya Aprili
na fundi aliyekuja kulirudisha
hakuwahi kumwona mwenye sikio.

Naam, ni mtu. Nilimjua.
Alinijazia upepo bure miaka yote ya shule,
mradi nimtajie saba mara nane bila kusita.
Lakini pia ni duka:
watu wa Kamukuywa huelekezana, "shuka pale kwa kichwa."
Uso huo uko kwenye risiti, kwenye muhuri,
mgongoni mwa aproni ya kijana Wafubwa,
na chini ya kila tandiko linalotoka hapa;
ukiinua unamkuta
anakutazama toka gizani.
Kuna watoto wanaomjua hivyo tu,
kama wanavyomjua mnyama wa kwenye pakiti ya kiberiti.

Na isitoshe, nilichopakia si ukuta wenyewe.
Ni picha niliyopiga kwa simu
ya mchoro
uliochorwa kutoka kitambulisho
kilichopigwa fotokopi mara mbili.
Nikibandua ngozi hizi mojamoja, nitamfikia nani?

Nikaandika picha. Nikafuta. Nikaandika nembo.
Kistari kikapepesa, kikapepesa.
Umeme ukapotea. Tukakaa kimya,
tukisikia mnyororo wa mtu barabarani umelegea,
krr, krr,
naye akasema bila kugeuka,
"Huyo atarudi hapa kabla ya saa kumi."

Kisha, umeme ukiwa bado haujarudi:
"Picha ni ya mtu ukimwita anaitika.
Mimi huyu namwita kila asubuhi nikifungua kufuli.
Anayeitika ni mteja."

Sikuwa na la kuongeza. Taa ziliporudi nikaandika nembo,
na pale pa picha pakabaki duara la kijivu, tupu.
"Hapo anakaa nani?"
"Mwenye duka."
Akatazama nyuma yake.
Miaka sita ameshika spana
na bado anatazama nyuma.

Hakutaka kunawa. Nikampiga hivyo hivyo,
gurudumu mapajani, jicho moja amelifumba
akikagua kama ringi imepinda.
Ilikuwa imepinda. Hilo ndilo lililomshughulisha,
wala si mimi, wala si simu.

Kilibaki kisanduku kimoja cha mwisho,
cha wasioona na cha wenye mtandao mbovu:
maneno yatakayosomwa
pale sura isipofika.
Nikaandika, Nembo ya duka la Khaoya: uso wa mwanamume.
Akasoma polepole, kwa kidole
kinachoacha alama kwenye kioo.

"Ongeza sikio," akasema.

"Niandike ni kubwa?"

"Andika lake lilikuwa dogo."